Yankees Walivyouza Wakongwe Wao Julai 2016

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2016, New York Yankees walikuwa wameshinda mechi 52 na kupoteza 52. Walikuwa wametoka Tampa Bay, ambako walipoteza mechi zote tatu za mwisho wa wiki, na ilipofika saa kumi jioni ya siku hiyo dirisha la kubadilishana wachezaji lingefungwa kwa Ligi Kuu nzima ya Besiboli ya Marekani. Katika siku nane mpaka jioni ile, timu ambayo tangu 1992 haijawahi kumaliza msimu ikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi iliwaachia warushaji wawili bora wa kumalizia mechi, ikamwachia na mpigaji wake bora wa mwaka huo. Mjini New York jambo hilo halikuwa la kawaida. Yankees wamezoea kununua.

Swali la kama timu inayosuasua iuze wakongwe wake kabla ya dirisha kufungwa huulizwa kila Julai, na mara nyingi hujibiwa kwa hisia: wengine huona kuuza ni kukata tamaa, wengine huona kutouza ni ukaidi. Mimi nashika upande wa kuuza, kwa masharti mawili. La kwanza ni aina ya mkongwe: anafanya kazi gani na mkataba wake umebaki muda gani. La pili, ambalo husahaulika zaidi, ni nani anasubiri mlangoni kuchukua nafasi yake. Yankees wa 2016 walitimiza masharti yote mawili, na hatua zao zinafaa kufuatwa moja baada ya nyingine.

Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la soka atawaza kwanza ada ya uhamisho. Huku timu huilipa timu nyingine kwa watu. Anayemtaka mkongwe hutoa chipukizi kutoka ligi zake za chini, na bei hupimwa kwa ubora na idadi yao. Chipukizi akipanda kikosi cha kwanza, timu huwa na haki naye kwa misimu sita kamili kabla hajawa mchezaji huru, na miaka ya mwanzo mshahara wake hukaa karibu na kima cha chini cha ligi. Ndiyo maana kijana wa miaka 19 ambaye hajakanyaga uwanja mkubwa anaweza kubadilishwa na nyota anayelipwa mamilioni ya dola.

Nyota wa kwanza kuondoka alikuwa Aroldis Chapman, Mkuba anayerusha kwa mkono wa kushoto. Tarehe 18 Julai, wiki moja kabla ya kuuzwa, mpira wake ulipimwa maili 105.1 kwa saa, yaani karibu kilomita 169, sawa na rekodi iliyotambuliwa wakati huo, aliyoiweka mwenyewe mwaka 2010. Nyuma yake walikuwepo Andrew Miller na Dellin Betances. Mwaka ule hakuna timu iliyokuwa na watu watatu wa namna hiyo wa kufunga mechi, na ubora huo ndio uliokuwa ukiwaficha Yankees tatizo lao lenyewe.

Mrushaji wa kumalizia hutupa awamu 60 au 70 hivi kwa msimu mzima. Timu yenyewe hucheza mechi 162 za awamu tisa tisa, jumla awamu zaidi ya 1,400. Mtu huyu kazi yake ni kulinda uongozi uliokwisha kupatikana, na timu inayoshinda nusu ya mechi zake haina uongozi mwingi wa kulindwa. Mrushaji wa kuanza akifungwa mapema, na wapigaji wenye umri wa kuelekea kustaafu wakishindwa kusawazisha, Chapman hukaa kitini mpaka taa zizimwe. Kwa Yankees wa Julai 2016, awamu ya tisa ilikuwa mahali pa mwisho penye shida, na ndipo walipokuwa wameweka hazina yao.

Kwa Chicago Cubs hali ilikuwa kinyume kabisa. Walikuwa wakielekea kumaliza msimu na ushindi 103, walikuwa na warushaji wazuri wa kuanza, na ubingwa hawakuwa wameutwaa tangu 1908. Mechi za mtoano za Oktoba zina siku za mapumziko katikati, hivyo mrushaji mmoja bora anaweza kutumika awamu mbili badala ya moja, tena karibu kila mechi inayobana. Mkono uleule, ambao New York ulikuwa ukilinda mechi chache zisizoamua chochote, Chicago ungeamua kombe. Muuzaji wa mwavuli hasubiri jua litoke, na meneja mkuu wa Yankees, Brian Cashman, hakusubiri.

Tarehe 25 Julai Chapman alikwenda Chicago, na Yankees wakapokea watu wanne: Gleyber Torres, kijana wa Venezuela aliyecheza kati ya kambi ya pili na ya tatu, Billy McKinney na Rashad Crawford, wote wa uwanja wa nje, na mrushaji Adam Warren, ambaye Yankees wenyewe walikuwa wamempeleka Cubs miezi saba tu nyuma. Aliyetakiwa hasa alikuwa Torres. Cubs waliweza kumwachia kwa sababu nafasi yake ilikuwa imejaa: Addison Russell alikuwa na miaka 22, Javier Báez 23, na Kris Bryant alikuwa kambi ya tatu. Hapa pana ufundi ambao watu huupita haraka. Muuzaji mzuri hutafuta timu yenye mchezaji mkubwa isiyomhitaji, kwa kuwa timu hiyo ikimtoa haiumii, na bei ambayo kwa wengine ingeonekana wazimu kwake huwa inalipika.

Kulikuwa pia na kipimo cha chini kabisa cha bei. Kwa kanuni za wakati ule, kama Yankees wangekaa na Chapman mpaka mwisho, wangeweza kumpa ofa ya mwaka mmoja ya dola milioni 17.2, na akiikataa na kusaini kwingine, wangefidiwa nafasi ya ziada katika uteuzi wa vijana, karibu na mwisho wa raundi ya kwanza. Anayemnunua katikati ya msimu hapati haki hiyo. Kwa hiyo ofa yoyote iliyokuwa chini ya thamani ya nafasi ile haikuwa na maana. Torres peke yake alikuwa amekwisha kuipita mbali.

Haifai kuisifu biashara hii bila kusema ilikoanzia. Yankees walimpata Chapman kutoka Cincinnati Desemba 2015, wakati tuhuma za kumfanyia ukatili mpenzi wake zilipokuwa zimewafukuza wanunuzi wengine. Hakufunguliwa mashtaka. Ligi ilimfungia mechi 30 chini ya kanuni zake mpya za ukatili wa majumbani. Bei yake ilishuka kwa sababu hiyo, na Yankees walinunua kwa bei hiyo iliyoshuka. Sehemu ya faida yao ya Julai ilitoka huko, na naihesabu kuwa doa lisilofutwa na uzuri wa hesabu zilizofuata.

Mpangilio wa siku nao ulikuwa na akili. Chapman, aliyebakiwa na miezi mitatu ya mkataba, aliuzwa kwanza, na bei yake ikawa ngazi ya kupandia bei ya Miller. Miller alikuwa na mkataba mpaka mwisho wa 2018 kwa dola milioni 9 kwa mwaka, bei ya chini kwa mtu wa kiwango chake. Kama mchezaji wa miezi mitatu amelipiwa Torres, aliyemtaka mtu wa misimu miwili na nusu hakuweza kuja na mkono mtupu. Tarehe 31 Julai Cleveland walitoa chipukizi wanne: Clint Frazier, aliyechaguliwa wa tano katika uteuzi wa 2013, mrushaji Justus Sheffield, na warushaji wengine wawili, Ben Heller na J.P. Feyereisen. Kesho yake Carlos Beltrán, mwenye miaka 39, wastani wa kupiga wa .304 na homurani 22 (mapigo ya kuzunguka kambi zote), alikwenda Texas kwa warushaji watatu, mmoja wao Dillon Tate, aliyekuwa chaguo la nne la 2015. Mrushaji Iván Nova alipelekwa Pittsburgh siku hiyohiyo kwa wachezaji wawili waliotajwa baadaye.

Wengi huishia hapo, kwenye orodha ya majina yaliyokuja. Kwangu kazi kubwa zaidi ilifanyika katika wiki mbili zilizofuata.

Tarehe 3 Agosti Gary Sánchez, mdakaji wa miaka 23, alipandishwa kutoka ligi za chini. Tarehe 5 Mark Teixeira alitangaza kwamba angestaafu msimu ukiisha. Tarehe 12 Alex Rodriguez, mwenye miaka 41 na mkataba wa mwaka mzima mwingine uliobaki, alicheza mechi yake ya mwisho, na Yankees wakakubali kumlipa dola zaidi ya milioni 20 asicheze. Kesho yake, tarehe 13, vijana wawili, Tyler Austin na Aaron Judge, waliingia kwa mara ya kwanza na kupiga homurani mfululizo, kila mmoja katika zamu yake ya kwanza kabisa. Haikuwahi kutokea kwa wachezaji wa timu moja katika mechi moja.

Hakuna hata mmoja kati ya vijana hao watatu aliyeletwa na biashara ya Julai. Sánchez na Judge walilelewa na Yankees wenyewe. Judge alichaguliwa 2013. Ila kikosi kilichokuwa bado kikipigania nafasi ya mwisho ya mtoano kisingewapa nafasi hizo. Angalia namba za Judge mwaka ule: wastani wa .179, na katika mara 84 rasmi za kupiga, mara 42 alitolewa kwa kukosa mpira. Nusu nzima. Kocha anayetafuta ushindi wa kesho hamvumilii kijana wa namna hiyo hata kwa wiki mbili. Kocha wa Yankees, Joe Girardi, aliweza kumpanga tena na tena kwa sababu uongozi ulikuwa umekwisha kuamua msimu ni wa nini. Mwaka uliofuata Judge alipiga homurani 52, rekodi ya mchezaji wa msimu wa kwanza kamili kwa wakati huo. Sánchez naye hakuhitaji kuvumiliwa: alipiga 20 katika mechi 53 za mwaka ule wa 2016.

Cha kushangaza, timu iliyouza haikuanguka. Ilishinda mechi 32 na kupoteza 26 baada ya tarehe 1 Agosti, ikamaliza na 84 kwa 78. Ile hofu kwamba kuuza wakongwe kunaua msimu na kuwafukuza mashabiki haikutimia, na sababu ni zilezile za hesabu ya awamu: walichotoa kilikuwa bora lakini kilikuwa kidogo kwa wingi, na walichoingiza kilicheza kila siku.

Mwaka 2017 walishinda 91. Julai hiyo Yankees walikuwa wanunuzi tena: waliwapata David Robertson, Tommy Kahnle na Todd Frazier kutoka Chicago White Sox, na mmoja wa waliotolewa kama malipo alikuwa Tito Polo, aliyekuja kutokana na kumtoa Nova. Katika mtoano walikutana na Cleveland, timu ya ushindi 102, na mechi ya tatu iliamuliwa kwa moja kwa sifuri: Greg Bird, kijana wa ligi zao za chini, alipiga homurani dhidi ya Andrew Miller mwenyewe. Wakatoka nyuma mechi mbili na kushinda tatu mfululizo.

Kisha wakakutana na Houston Astros, wakapoteza katika mechi ya saba. Mfululizo huo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa hapo ndipo wapinzani wa kuuza hupata hoja. Brian McCann, mdakaji mkongwe ambaye Yankees walimpeleka Houston Novemba 2016 ili kumpisha Sánchez, alipiga mapigo yaliyoingiza pointi katika mechi ya sita na ya saba. Beltrán naye wakati huo alikuwa kwenye kikosi hicho cha Houston, akavaa pete ya ubingwa. Na je, Miller angebaki New York, asingewavusha? Jibu limo kwenye ubao wa matokeo. Katika mechi nne walizopoteza, zote Houston, Yankees walipata pointi tatu kwa jumla: moja, moja, moja, sifuri. Mrushaji wa kumalizia hazuii kipigo cha timu isiyopata pointi.

Aliyewanyima pointi hizo katika mechi mbili kati ya nne alikuwa Justin Verlander, mkongwe wa miaka 34 aliyeuzwa na timu nyingine inayosuasua, Detroit Tigers. Kesi ya Tigers ndiyo upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 2017 dirisha la Julai lilipita Verlander akiwa bado Detroit. Wakati huo kanuni ziliruhusu mabadilishano ya Agosti kwa utaratibu mgumu zaidi, nao wakamtoa usiku wa tarehe 31 Agosti, muda ukiwa unayoyoma, huku yeye mwenyewe akiwa na haki ya kukataa. Walipata chipukizi watatu: Franklin Pérez, Daz Cameron na Jake Rogers. Pérez, aliyekuwa ndiye shabaha, aliandamwa na majeraha. Rogers ndiye aliyedumu, akawa mdakaji wao.

Tofauti na Yankees haikuwa ujasiri wa kuuza. Tigers waliuza zaidi: J.D. Martinez walimtoa Julai kwenda Arizona, ambako alipiga homurani 29 katika mechi 62, na Justin Upton akaondoka siku moja na Verlander. Lakini Detroit nafasi zilifunguka na hakukuwa na Judge wala Sánchez wa kuzijaza. Walipoteza mechi 98 mwaka huo, 98 mwaka uliofuata, na 114 mwaka 2019. Hawakurudi kwenye mtoano mpaka 2024. Timu ikiuza wakongwe wakati ligi zake za chini ziko tupu, inanunua miaka ya kusubiri, na mashabiki wake wana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi kabla ya kukata tiketi za msimu ujao.

New York Mets wa 2023 walijaribu njia ya tatu ambayo ni ya matajiri tu: waliwatoa Max Scherzer na Verlander huyohuyo, wakawalipia Texas na Houston sehemu kubwa ya mishahara yao ili wapewe chipukizi wa thamani zaidi. Texas walitwaa ubingwa mwaka huo.

Tangu biashara zile za Yankees na Tigers soko limebadilika kwa namna mbili. Kuanzia 2019 dirisha ni moja tu, hivyo mlango wa Agosti uliotumiwa na Tigers haupo. Na kuanzia 2022 timu sita za kila ligi huingia mtoano badala ya tano, kwa hiyo timu yenye 52 kwa 52 leo iko karibu zaidi na mstari kuliko Yankees walivyokuwa. Wauzaji wamepungua. Viongozi wengi husoma jambo hili kuwa sababu ya kushikilia kikosi. Nalisoma kinyume: wauzaji wakiwa wachache na wanunuzi wengi, mkongwe mzuri wa miezi miwili ni ghali zaidi, na timu inayothubutu kumtoa mapema hulipwa kwa uthubutu huo.

Sasa tuhesabu kilichobaki. Kati ya watu kumi na mmoja waliokuja kwa Chapman, Miller na Beltrán, mmoja tu, Torres, ndiye aliyekuwa nguzo ya kikosi. Frazier hakufikia alichotarajiwa. Sheffield alitumiwa kumpata James Paxton, aliyeshinda mechi 15 mwaka 2019. McKinney alikwenda katika biashara ya J.A. Happ, Tate katika ile ya Zack Britton. Miller kwa upande wake aliifikisha Cleveland fainali ya 2016, akiwatoa wapigaji 30 kwa kukosa mpira katika mtoano ule. Kwa matokeo, biashara yake waliishinda Cleveland, na nadhani hapo ndipo Yankees walipopitiliza: mtu mwenye mkataba wa bei nafuu wa misimu miwili na nusu, katika timu ambayo vijana wake wamebakiza mwaka mmoja tu wakomae, hakuwa na haraka ya kuuzwa. Umri wake wa miaka 31 ulimweka kundi moja na Beltrán, lakini mkataba wake ulikuwa wa kundi jingine.

Kuhusu Chapman sina shaka. Cubs walitwaa kombe lao la kwanza baada ya miaka 108, yeye akiwa uwanjani katika mechi ya saba, akafungwa homurani ya kusawazisha na Rajai Davis na bado akaandikiwa ushindi. Desemba mwaka huohuo alirudi New York kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 86. Cubs walimtumia kwa miezi mitatu. Torres aliwachezea Yankees misimu saba, kuanzia Aprili 2018 mpaka fainali ya 2024 waliyopoteza kwa Los Angeles Dodgers, kisha akawa mchezaji huru na kusaini Detroit Tigers.